Je, Muislamu Aende kwa Mshauri wa Nafsi?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Muhula uliopita, baada ya darsa ya Alhamisi, kilipitishwa mbele kikaratasi kisicho na jina. Aliyekiandika alisema amefiwa na mama yake, na tangu hapo usingizi umemkimbia, chakula hakipiti kooni, na darasani anakaa kama kivuli. Swala anaswali, Qur'an anasoma. Mwenzake wa chumbani amemshauri aende kwa mshauri nasaha. Swali lake lilikuwa moja tu: nikienda, je, si nitakuwa nimekiri kwamba Qur'an hainitoshi? Jibu lililotolewa siku ile lilichukua dakika moja: azidishe adhkari za asubuhi na jioni, na amdhanie Allah wema. Ni jibu la haki, na hakuna atakayelipinga. Ila halikugusa alichouliza, kwa sababu adhkari alikuwa nazo tayari. Alitaka kujua kama ule mlango wa pili ni wa halali au ni wa aibu. Najaribu kumjibu hapa, yeye na wale ambao hawaandiki vikaratasi.

Tuanzie nyumbani kwa Mama Khadija (r.a.). Hadithi mnaijua, Bukhari ameipokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) mwanzoni kabisa mwa kitabu chake. Mtume (s.a.w.) anarudi kutoka pango la Hira, moyo unamdunda, anaomba afunikwe. Anafunikwa mpaka hofu inatulia. Kisha anamsimulia mkewe yaliyompata na kumwambia kwamba ameihofia nafsi yake. Simaanishi kuwa wahyi ulikuwa maradhi, Allah atuepushe na kauli hiyo. Nataka mtazame namna mke alivyompokea mtu aliyeshtuka.

Kwanza alimfunika. Hakumhoji akiwa bado anatetemeka. Pili alimsikiliza mpaka mwisho. Tatu, alipofungua mdomo hakumwambia maneno ya jumla kama haya yetu ya "usijali, yatapita". Alimhesabia ushahidi kutoka katika maisha yake mwenyewe: wewe unaunga udugu, unambebea mnyonge mzigo wake, unampa asiye na kitu, unamkirimu mgeni, unawasaidia waliofikwa na majanga, basi mtu wa namna hii Allah hamfedhehi. Nne, pamoja na mapenzi na akili zake zote, aliona jambo limevuka ujuzi wake, akamchukua mumewe hadi kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekuwa na elimu ya vitabu vilivyotangulia. Aliyepelekwa ni Mtume wa Allah, na aliyempeleka ni mbora wa wake. Hakuna aliyesema kwamba kwenda kwa mwenye ujuzi kulipunguza imani ya nyumba ile.

Ninapousoma mlango wa saikolojia naona kazi zile za Mama Khadija zimegawanywa, na kila kundi la wataalamu limeshika moja na kuifanya ndiyo asili. Ni kama madhehebu. Na kama ilivyo kwetu, wako wafuasi wanaodhani dhehebu lao peke yake ndilo lenye haki.

La kwanza kwa umri, na ndilo lililotia watu wetu hofu, ni la Sigmund Freud wa Vienna. Kwake maradhi ya nafsi yana mizizi katika utoto na katika matamanio yaliyozikwa, na mgonjwa huzungumza, hueleza ndoto zake, pengine kwa miaka. Freud hakuamini dini. Mwaka 1927 alitoa kitabu kizima akiiita njozi. Wengi wanaosema "saikolojia ni ukafiri" wanampinga Freud bila kujua kwamba washauri wengi wa leo hawatibu kwa njia yake. Aliyetufungulia macho katika hili ni Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021. Katika kitabu chake cha 1979 aliwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasiwafuate Wamagharibi hadi ndani ya shimo la kenge, akiazima mfano kutoka katika hadithi mashuhuri. Lakini hakuacha fani. Yeye mwenyewe alikuwa mtabibu wa nafsi, na alichotaka ni tuchukue mbinu na tuache itikadi iliyofungwa nayo.

Kundi la pili linatibu hofu kwa kumrudisha mtu taratibu kwenye kile anachokiogopa. Hapa humkumbuka Nabii Musa (a.s.). Fimbo ilipogeuka nyoka alikimbia bila kutazama nyuma, Qur'an haikulificha hilo. Aliitwa arudi, akaambiwa aishike wala asiogope. Na hayo yalifanyika bondeni, pasipo watu, kabla ya siku ya Firauni na wachawi wake. Sisemi kwamba Suratu Taha ni kitabu cha saikolojia. Nasema aliyeumba nafsi ndiye anayejua inavyozoezwa.

Kundi la tatu linapima fikra. Mmarekani Aaron Beck alilieneza kuanzia miaka ya 1960: mtu huumizwa na tukio, kisha huumizwa zaidi na maelezo anayojipa kuhusu tukio hilo. Mshauri humsaidia kuyaweka maelezo hayo kwenye mizani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo, njia ya ukoo huu ilijaribiwa kwa wanawake waliodhulumiwa vitani, wakikaa kwa vikundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wengi katika hali kama hiyo hubeba fikra moja nzito, kwamba kosa ni lao. Waliopitia mafunzo hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata msaada wa kawaida tu.

Na hapa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ana haki ya kutabasamu kidogo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Anashauri kwamba kama mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, basi aweke pia fikra njema alizoziandaa akiwa ametulia, azitumie nafsi itakapochafuka. Akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoiona, akasema hii ya pili ina asili katika mwili na mwili nao utibiwe. Huyo ni mwanachuoni wetu, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Kwa hiyo anayesema tiba ya nafsi imeletwa na wazungu anawadhulumu wazee wake.

Lipo kundi la nne, la Carl Rogers, ambalo msingi wake ni kusikiliza bila kuhukumu. Wengine hulidharau wakisema kusikiliza si tiba. Mimi naliona ndilo gumu kuliko yote kwetu sisi vijana wa msikitini. Mtu akitoa shida yake, sentensi ya pili tumeshampa aya, ya tatu tumeshamwambia mwenzake ana shida kubwa zaidi. Khawla bint Tha'laba (r.a.) alipokuja kumlalamikia mumewe, Bi Aisha alikuwa pembeni mwa nyumba na mengine hakuyasikia. Allah aliyasikia juu ya mbingu saba, na sura ya Al-Mujadila ikafunguliwa kwa habari hiyo hiyo, kwamba mwanamke yule amesikiwa. Hukumu ya dhihari ikaja baada ya hapo.

Sasa niwapeleke kwetu, kwa sababu mambo haya yakibaki vitabuni hayana uzito.

Nyanza-Lac iko kusini mwa Burundi, ukingoni mwa Tanganyika, chini ya Rumonge. Ni mji wa mawese, ndagala na mukeke, na Kiswahili chake kimevuka maji mara nyingi. Watu wake nao wamevuka. Machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972 yaliwakumba kwanza watu wa ukanda huu wa ziwa, kisha yakafuata mauaji makubwa nchi nzima. Waliovuka walilelewa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vya 1993 vikavusha wengine. Mwaka 2015 tena, watu walijazana Kagunga, kijiji cha kwanza upande wa Tanzania, kipindupindu kikawakuta hapo, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Ziko familia zenye babu aliyekimbia, baba aliyekimbia na mtoto aliyekimbia, wote kwa maji yale yale.

Mjomba wangu ni wa kundi la 1972. Alikuwa na miaka 7. Alikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, akarudi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wenziwe, akakuta michikichi ya baba yake ina mwenyewe mwingine, mtu maskini aliyewekwa pale kihalali kwa macho ya serikali ya wakati ule. Kesi ikapita kwenye tume ya ardhi, shamba likagawanywa, na hakuna aliyeridhika. Leo mjomba hutoka na wavuvi wa taa. Husema kazi ya usiku inamfaa kwa kuwa halali hata hivyo. Akisikia filimbi hushtuka mwili mzima. Moshi wa nyasi humtoa mezani.

Familia ilimpeleka kwa mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa kisomo, akasema ni majini wa ziwani. Akataka mbuzi, kisha pesa, kisha mbuzi tena. Jamani, mimi siyakanushi majini, na ruqya ya Al-Falaq na An-Nas ni sunna wala haina bei. Ila hofu ya mjomba ina tarehe. Ina mahali, ina harufu na ina sauti. Anayeacha kuuliza "ilianza lini?" akakimbilia kutaja aina ya jini, huyo hatibu, anavua samaki kwenye maji ya kina kifupi.

Likizo iliyopita tulikaa naye ufukweni akishona nyavu, akanisimulia. Nikagundua kitu. Husimulia katikati tu: mtumbwi, maji yanaingia, mkono wa dada yake. Hasemi walitokaje nyumbani, hasemi walifikaje ng'ambo. Mara tatu alirudia, na mara zote tatu alianzia mtumbwini na kuishia mtumbwini. Mimi si mtaalamu, sikujaribu kumtibu, nilisikiliza tu. Baadaye nikasoma kuhusu tiba ya masimulizi ya Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, nikaona wanamzungumzia mtu wa namna yake. Wanasema kumbukumbu ya kutisha hubaki ya moto kwa sababu imekatika na wakati wake na mahali pake, kwa hiyo kila ikija huja kama jambo linalotokea sasa. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, ndiyo umri wake. Juu yake huweka ua penye jema na jiwe penye baya. Kisha katika vikao vinavyofuata husimulia tangu kuzaliwa, akikaa kwa muda kwenye kila jiwe mpaka moto upungue, na mshauri anaandika. Mwisho hukabidhiwa maisha yake yote yakiwa yameandikwa, yenye mwanzo na mwisho.

Njia hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, kwa Wasudani 43 waliokuwa na kiwewe. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, waliosimulia kwa njia hii na bado wakawa na maradhi walikuwa 29 kwa mia. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida wa kuwatia moyo, na kwa waliopewa elimu tu kuhusu maradhi yao, ilikuwa karibu 80 kwa mia. Tusimame hapo kidogo. Kumtia mtu moyo ni ibada, lakini wapo ambao kutiwa moyo peke yake hakuwatoshi, kama vile aliyevunjika mfupa hatoshwi na kuombewa dua bila kufungwa mguu. Na Mtume (s.a.w.) alituamrisha tutafute tiba, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi.

Lakini shida ya mjomba haiko 1972 tu. Iko pia kwenye lile shamba lililogawanywa, na kwa jirani ambaye hasalimiani naye ingawa wanaswali safu moja. Kwa haya kuna njia nyingine, tiba ya mahusiano, isiyochimba utoto. Inauliza: huzuni hii iliingia pamoja na nini katika maisha yako? Msiba? Ugomvi? Mabadiliko yaliyokugeuza ukawa mgeni? Ilijaribiwa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Watafiti waliuliza kwanza wanakijiji wenyewe wanaiitaje huzuni ile kwa Kiganda, ndipo wakaanza. Vikundi vilikuwa vya wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kabla ya hapo 86 kwa mia ya washiriki walikuwa na sonona, baada yake 6.5 kwa mia. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi ilishuka kutoka 94 hadi 54.7, maana yake wako wanaopona kwa subira na kwa kupita siku, na wako wengi ambao hawaponi hivyo. Kila nikisoma habari hiyo nauona msikiti wetu wa Nyanza-Lac baada ya swala ya Alasiri, watu kumi wamekaa duara, wanaume huku, wanawake kwao. Hakuna kinachokosekana isipokuwa mtu aliyefundishwa na watu waliokubali kukaa.

Nimeulizwa mambo matatu na wenzangu niliozungumza nao, nayo yanastahili majibu.

Je, kumweleza mshauri mabaya ya wazazi au mume si kusengenya? Hind bint Utba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na wanawe ya kuwatosha. Hakukemewa kwa kumtaja. Alipewa jibu la shida yake. Imam Nawawi ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na kuomba msaada wa kuondoa ovu na kuomba fatwa ni miongoni mwake. Sema linalohitajika kwa tiba, ishia hapo.

Je, tukipata mshauri asiye Muislamu? Kule kwetu, hospitali ya maradhi ya akili inayojulikana ni ile ya Kamenge, Bujumbura, iliyoanzishwa na watawa wa Kikatoliki. Katika safari ya Hijra, iliyokuwa na roho ya Mtume (s.a.w.) na ya Abu Bakr (r.a.) ndani yake, kiongozi wa njia aliyekodiwa hakuwa Muislamu. Alikuwa mwaminifu na anaijua njia. Ibn al-Qayyim alilitumia tukio hilo kuonyesha kwamba inafaa kumtegemea asiye Muislamu katika utabibu na mfano wake. Mwambie tangu kikao cha kwanza kwamba wewe ni Muislamu na kwamba kuna usiyoyajadili. Akikuambia dini yako ndiyo ugonjwa, ondoka, tafuta mwingine. Si kila mtabibu wa tumbo ni mzuri, na bado hatujaacha kwenda hospitali.

Je, faragha ya mwanamke na mshauri mwanamume? Omba mshauri wa kike, ni haki yako kuomba. Asipopatikana, mlango usifungwe, au mahram akae palipo karibu, au uingie kwenye kikundi cha wanawake. Na ikiwa mtu anafikiria kujiua, au anasikia sauti wasizosikia wengine, huyo asisubiri kikundi wala makala. Apelekwe hospitali leo, na dawa akipewa azinywe.

Mjomba alikubali kwenda Kamenge, ingawa ilichukua muda. Kilichomzuia ni neno ibisazi, wazimu, ambalo watu wa mtaani wangemtupia mgongoni. Kilichomlainisha si hoja zangu za vitabuni. Nilimsimulia habari ya Nabii Yaaqub (a.s.), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni na ilhali subira yake Qur'an imeisifu. Akanyamaza, akaendelea kushona, kisha akauliza: "Mpwa wangu, huko watanilaza, au nitarudi siku hiyo hiyo?" Tumekubaliana aende mwezi ukiwa mpevu, maana siku hizo wavuvi wa taa hawatoki, ndagala hawaifuati taa.

Ewe Mola, tunajikinga kwako na hamu na huzuni, uwaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na umrehemu mama wa ndugu yetu aliyeandika kikaratasi. Amin. Wabillahi tawfiq, Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.